Aliyevaa Miwani ya Goodness

Kila asubuhi saa moja na nusu, Inspekta Tumpe Mwaisumo alifungua ofisi ya upelelezi mjini Mbeya, akafuta meza, kisha akamimina chai ya maziwa vikombe viwili. Kimoja kilikuwa chake. Cha pili alikipeleka nje, kwenye benchi alikokuwa ameketi Mama Evarista Kalinga, na kabla mama hajauliza, yeye alikuwa ameshasema, "Bado, mama." Mama Evarista alipokea, akashukuru, akanywa mpaka kikombe kikaisha. Saa nne aliinuka, akarudi Mwanjelwa kwa mpwa wake aliyemhifadhi. Walifanya hivyo siku nane mfululizo. Askari wa zamu waliacha hata kumwangalia.

Alhamisi hiyo chai haikufika kwenye benchi. Mama Evarista aliingia mwenyewe ofisini bila hodi, kitenge chake kimelowa manyunyu, akasimama mbele ya meza.

"Kamwene, mwanangu. Leo chai sinywi."

"Kaa kwanza, mama."

"Sikai. Nimesikiliza redio. Jumamosi wanafungulia maji ya skimu ya kule Rujewa. Wageni wanakuja, na kwaya. Wamewataja wote walioitengeneza, mmoja mmoja, mpaka mpishi wa kambi. Mwanangu Goodness hawakumtaja."

Tumpe alishika birika, hakumimina.

"Mtu akisafiri, anatajwa," Mama Evarista aliendelea. Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Wanasema fulani yuko safarini, anawasalimu. Mimi nimezaa sita, nimezika wawili. Najua. Sikuombi tena unitafutie mzima. Nipatie wa kuzika."

Simu ya mezani ililia. Alikuwa Koplo Kasian, aliyetumwa Iringa tangu Jumatatu kupekua kumbukumbu za mradi.

"Afande, nimempata mtu. Jofrey, yule mhandisi. Njoo umwone."

"Umemkamata?"

"Sijamkamata. Nimemkalisha."

Tumpe aliangalia saa, akachukua jalada na koti. Alipofika mlangoni aligeuka. Mama Evarista alikuwa bado amesimama palepale, kama mtu anayesubiri risiti.

*

Jalada lilikuwa jembamba, na Tumpe alilisoma tena lote kabla gari halijapita Makambako. Goodness Kalinga, miaka ishirini na tisa, fundi sanifu wa umwagiliaji, mzaliwa wa Idodi. Ameolewa Rujewa na Asukile Mwakibinga, mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Hawana mtoto. Alionekana sokoni Alhamisi, wiki mbili kamili zilizopita. Baada ya hapo mumewe aliwaambia majirani kwamba ana malaria, amelala ndani. Kisha, Jumanne iliyofuata, aliingia kazini kwa muda wa saa moja na dakika kumi, akaandika kwamba anakwenda Dar es Salaam kupumzika, akatoka. Tangu hapo hakuna aliyemwona.

Aliingia kazini kwa miwani. Hapo ndipo jalada lilipowachosha wakubwa. Mradi ulikuwa umegawa jozi nne za miwani ya uhalisia pepe, ile inayofunika uso mzima, ili watu wanne walioko miji mitatu wasimame pamoja kwenye mfereji mmoja bila kupanda gari. Ndege isiyo na rubani ilikuwa imepiga picha mfereji wote, na picha hizo zikageuzwa kuwa mahali. Ukivaa miwani, uko Usangu: udongo mwekundu, vigingi vyeupe, anga kubwa. Wenzako unawaona kama maumbo, kila mmoja na jina lake kifuani.

Kwa hiyo watu watatu walikuwa mashahidi kwamba Goodness alikuwa hai Jumanne. Mwanamke mzima ameaga, ameondoka. Mkuu wa Upelelezi alitaka jalada lifungwe, na polisi waliotafuta walitafuta kwenye mabasi.

Miwani ya Goodness haikupatikana. Asukile alisema amekwenda nayo.

*

Ofisi ya mradi ilikuwa ghorofa ya pili mjini Iringa, dirisha lake likitazama mawe ya Gangilonga. Tumpe alifika saa nane mchana, miguu imekufa ganzi. Kasian alimpokea ngazini, akimnong'oneza haraka haraka.

"Nambari ya siri ya miwani ya marehemu... ya Goodness, Jofrey anaijua. Amekiri. Na simu, afande. Mwezi mmoja kampigia mara sitini na moja. Mke wa mtu!"

"Na nini kingine?"

"Kigingi. Goodness alipima lango namba nne kwa miezi mitatu. Jumanne hiyo, kwa dakika tano, kalisogeza mita arobaini na mbili kwenda juu, maji yanakotoka. Kesho yake katapila lilikuwa lichimbe. Nani anafaidika? Mhandisi."

Jofrey alikuwa kijana mnene, shati limechomekewa vizuri, macho mekundu. Pembeni yake alikaa Vitus, msimamizi wa mtambo wa miwani, mwembamba, mwenye sweta la kufumwa. Tumpe alivuta kiti.

"Mara sitini na moja, Jofrey."

"Ndiyo, afande. Na zote za mzee."

"Mzee yupi?"

"Mzee Fanueli. Baba yake Asukile, mwenyekiti wetu wa chama cha wamwagiliaji. Goodness ni mkamwana wake, na wao hawaongei. Si ugomvi, ni heshima ya Kinyakyusa. Mzee akitaka kumwambia jambo ananipigia mimi, mimi nampigia Goodness. Goodness akijibu, nampigia mzee. Mvua ikinyesha Rujewa, mzee akiwa Uyole anaipata habari kupitia Iringa. Afande, mimi nilikuwa mnara wa simu."

Vitus alicheka kidogo, akajikohoza.

"Unacheka nini wewe?" Kasian aliuliza.

"Ni kweli, koplo. Tulikuwa tunamwita Mnara."

Tumpe hakucheka, wala hakuhitaji kufafanuliwa. Yeye mwenyewe ameolewa Tukuyu, kwa Wanyakyusa. Kwa miaka kumi na moja, akimwona baba mkwe wake anakuja njiani, alikuwa anakata kona, hata kama kona ni shamba la viazi la watu.

"Goodness ni Mhehe," alisema. "Aliifuata heshima hiyo kweli?"

"Kuliko Wanyakyusa wenyewe. Mama mkwe wake alimfundisha kabla hajafariki, akashika. Mimi nilimwambia, dada, kule ndani si kweli, ni picha tu, mzee yuko Uyole kilomita mia na kitu kutoka ulipo. Akaniambia, Jofrey, mimi nikimwona ni nimemwona."

"Kwa hiyo kule ndani walifanyaje?"

Jofrey alimtazama Vitus.

"Kijiti," Vitus alisema. "Mtandao wa Rujewa unachelewa, afande. Mwanzoni kila mtu alikuwa anaongea juu ya mwenzake, kikao kinakuwa kama mnada. Mzee ndiye aliyeleta utaratibu: anayeshika kijiti ndiye anayeongea. Nikatengeneza kijiti humo humo ndani, kinawaka kidogo. Tunapeana mkono kwa mkono. Ila wao wawili hawapeani. Mzee anakiweka chini, ukingoni, anarudi nyuma hatua tatu, anageuza uso. Ndipo Goodness anakuja kukiokota, akiwa amegeukia mfereji. Sekunde arobaini zinapotea kila zamu. Nikasema niwawekee kitufe cha kurusha. Wakakataa wote wawili, na kwa kukataa walipitia kwa Jofrey."

Tumpe aliandika: *chini, hatua tatu, anageuza uso.*

"Umbo la mtu linabadilika akivaa mwingine?"

"Hapana. Akivaa miwani ya Goodness na kuweka nambari ya siri, hata awe askofu, sisi tunamwona Goodness. Sauti ndiyo ingemfichua."

"Na Jumanne sauti?"

"Aliandika kwamba kipaza sauti kimeharibika. Alikuwa anaandika tu, maneno yanatokea juu ya kichwa chake."

"Nambari ya siri nani mwingine aliijua?"

"Nani asiyeijua?" Jofrey alisema. "Ameiandika kwa kalamu juu ya boksi la miwani. Boksi liko sebuleni kwake."

Kasian alikunja uso. "Wewe Jumanne hiyo ulikuwa wapi?"

"Hapa. Kwenye kikao. Vitus alikuwa mbele yangu, na mimi nimevaa miwani yangu, naongea kwa sauti yangu. Sasa, koplo, mimi nina vichwa vingapi?"

Kasian alifungua daftari lake, akafuta kitu, akakaa chini. Tumpe alimwachia muda wa kukaa.

"Nivalisheni," alisema.

*

Aliomba kwanza kikao cha nyuma, cha wiki mbili kabla ya Jumanne ile. Kasian alitaka kupinga kwamba muda unakwenda, lakini Tumpe hakuwahi kuangalia alama ya kiatu bila kuangalia kwanza kiatu chenyewe.

Giza, kisha mwanga. Alisimama ukingoni mwa mfereji mkavu, na watu wanne walikuwa pale, wakiongea kama vile hayupo. Maumbo hayakuwa na miguu. Yalikuwa na kichwa, kiwiliwili mpaka kiunoni na mikono miwili, na nyuso zote zilikuwa na tabasamu lilelile alilolipaka mtengenezaji. Katika maumbo manne hayo, Tumpe alimjua Goodness kabla hajasoma jina kifuani. Lilikuwa ni lile umbo lililokaa pembeni, bega likielekea kwa wenzake.

"Jofrey," Goodness alikuwa anasema, uso kwenye mfereji, "kina hapa ni mita moja na nusu. Udongo wa namba nne ni laini, tusichelewe, mvua ikianza utamomonyoka."

"Jofrey," ilisema sauti nzito ya mzee, "mwambie nimesikia. Mwambie na mimi namuunga mkono."

"Ameunga mkono," alisema Jofrey.

"Nashukuru," alisema Goodness. Ilikuwa sauti changa, yenye kicheko karibu. Tumpe alikuwa hajawahi kuisikia. Aliisikiliza mpaka ikanyamaza.

Kijiti kiliwekwa chini. Mzee akarudi nyuma, akageuka. Goodness akaja kwa upande, akainama, akakiokota.

"Sasa Jumanne," Tumpe alisema.

Mfereji uleule, anga ileile. Umbo la Goodness liliingia la mwisho. Lilisimama katikati, likitazama wenzake usoni, na maneno yakatokea juu yake: *Kipaza sauti kimekufa. Samahani.* Jofrey akampa pole. Vitus akafungua ajenda. Mzee Fanueli ndiye alikuwa na kijiti, na alipomaliza kuongea alikinyoosha mbele, pengine kwa Jofrey, pengine kwa yeyote.

Umbo la Goodness lilikwenda. Lilikwenda moja kwa moja mpaka mbele ya mzee, likashusha kichwa, likatanguliza mkono wa kulia, wa kushoto ukashika kiwiko cha wa kulia, likapokea.

"Rudisha," Tumpe alisema.

Walirudisha. Alisogea mpaka akawa katikati yao, pua kwa pua na hao wawili wanaotabasamu. Mikono ikapokea.

"Rudisha tena. Taratibu."

Mara ya tatu hakuangalia aliyepokea. Alimwangalia mzee. Mkono uliokuwa na kijiti uliganda hewani muda mrefu kuliko ulivyohitajika, na kijiti kilipochukuliwa ulibaki umenyooka hivyohivyo, mtupu. Kisha ukaanguka ubavuni. Toka hapo mzee hakusema neno, mwenyekiti mzima, mpaka umbo la Goodness liliposogeza kigingi namba nne na Vitus akauliza kama kuna pingamizi. Mzee akainua mkono wa kupitisha. Hakuna aliyesubiri sekunde arobaini. Hakuna aliyepitia kwa Jofrey.

Tumpe alivua miwani. Chumba kilikuwa kidogo na chenye harufu ya karanga.

"Nyinyi wawili hamkuliona hili?"

Jofrey alikuwa ameshika kichwa. "Niliona, afande. Nikajua wamepatana. Nikamwambia Vitus, leo Mnara wamenistaafisha. Tukacheka."

*

"Si Goodness," Tumpe alimwambia Kasian walipobaki wawili. "Mkamwana hapokei kitu mkononi mwa baba mkwe. Hata nyumba ikiungua. Huyu aliyeshika miezi mitatu hawezi kusahau dakika moja."

"Basi ni mtu asiyejua mila."

"Asiyejua angesimama kama mti. Huyu alipokea kwa adabu. Mikono miwili, kichwa chini. Na Jofrey anaijua mila. Kama angekuwa yeye, angeiigiza kupita kiasi, angekaa kona siku nzima. Hebu vaa hiyo miwani. Ukijiangalia unaona nini?"

Kasian aliivaa, akainamisha kichwa. "Mikono."

"Mwili?"

"Hakuna. Mikono tu."

"Wenzako wanamwona Goodness, wewe hujioni. Unamwona mzee yuko mbele yako, anakunyooshea kitu. Mikono yako inafanya ilichofundishwa tangu una miaka mitatu. Aliingia amejiandaa kwa kila kitu: sauti, kigingi, safari ya Dar. Alisahau kimoja tu, kwamba amemvaa mkewe. Mbele ya mzee yule alikuwa mtoto wake."

Kasian alivua miwani polepole.

"Asukile."

"Na kigingi hakukisogeza ili lango liende mahali. Alikisogeza ili katapila lisichimbe mahali."

Nje mtu alikuwa anauza mkaa kwa kuimba.

"Jumamosi maji," Kasian alisema.

"Jumamosi maji. Na mpunga ukishapandwa hawakaushi mpaka Juni."

Alimpigia Mkuu wa Upelelezi, akamweleza kila kitu kwa mpangilio. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake, kisha akapumua kwenye simu.

"Tumpe. Unataka nisimamishe maji ya wakulima mia nane, na wageni wamealikwa, kwa sababu picha imepokea kijiti kwa mikono miwili?"

"Si picha, afande."

"Hakimu atauliza, huyo mwenye mikono ni nani? Utamjibu nini? Utamfundisha unyago? Niletee mtu aliyemwona, aseme kwa mdomo wake. Bila hivyo maji yanafunguliwa."

Mtu aliyemwona alikuwa mmoja. Tumpe alikuwa ameshamhoji mara moja, nyumbani kwake Uyole. Mzee Fanueli alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu wa kulia umekatwa juu ya goti kwa ajili ya sukari, na Asukile, aliyehamia kwa baba yake siku mbili baada ya mkewe "kuondoka", alikaa nao muda wote. Alileta chai. Alirekebisha blanketi. Nusu ya majibu aliyatoa yeye. Simu ya mzee ilikuwa mfukoni mwa Asukile.

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa Vitus.

"Afande, samahani. Mzee ameingia."

"Ameingia wapi?"

"Kule ndani. Huwa anaingia kila siku saa kumi, hata kama hakuna kikao. Anatembea tu. Mwanzo hadi mwisho wa mfereji, anarudi. Nilitaka kumzimia kuokoa bando, nikaona huruma."

Tumpe alikuwa ameshasimama.

"Nikuingize kwa umbo gani?" Vitus aliuliza, akaangalia chini. "Ninaweza... umbo la Goodness bado lipo. Akimwona, labda atashtuka, atasema."

Kasian aliinua macho. Tumpe alijua kwamba wazo hilo lingefanya kazi. Ndiyo sababu alilijibu haraka.

"Hapana. Nipe la mgeni, uandike jina langu na cheo. Washa kurekodi. Kasian, piga kituo cha Uyole, askari wawili wasogee kwenye nyumba ya mzee, wasiingie mpaka niseme."

*

Alimkuta karibu na kigingi namba mbili, akitembea kwa umbo lisilo na miguu, kwa mwendo wa mtu mwenye miguu miwili.

"Ndaga, tata," Tumpe alimsalimu kwa Kinyakyusa, akashusha kichwa.

Umbo la mzee liligeuka, na tabasamu lake la kupakwa. Lilisoma jina kifuani pake.

"Inspekta Tumpe. Umenifuata mpaka huku."

"Nimekufuata, tata. Sheria inanitaka nikwambie, mazungumzo haya yanarekodiwa, na yanaweza kutumika mahakamani. Ukitaka kutoka, toka. Sitakuzuia."

"Nitoke niende wapi?" mzee alisema. "Twende."

Walitembea. Mzee alimwonyesha maji yatakakoingilia, yatakakogawanyika, shamba gani litapata kwanza. Alimwambia alivyodai mfereji huo tangu ana meno yote. Tumpe alimwacha aseme. Walifika palipokuwa na kigingi cheupe chenye namba nne, mzee akapita bila kusimama. Mita arobaini na mbili mbele, mahali pasipo na alama yoyote, akasimama.

"Nimeangalia kikao cha Jumanne," Tumpe alisema. "Mara tatu. Nimeolewa Tukuyu, tata."

Mzee aligeukia mfereji.

"Mama yake Goodness anakaa kwenye benchi letu kila siku. Leo asubuhi ameniambia hatafuti mzima tena. Anaomba wa kuzika. Jumamosi maji yakipita hapa, hata huyo hatampata."

Upepo haukuwepo mahali pale. Hakuna aliyekuwa amekumbuka kuutengeneza. Mikono ya mzee ilikuwa imening'inia.

"Yuko chumba cha pili," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini iliyokaribia kupotelea kwenye mtandao. "Ananipikia uji. Mlango huwa haufungwi, maana nikianguka asisikie itakuwaje. Unajua anayenigeuza kitandani ni nani? Anayenipeleka chooni?"

"Najua."

"Nilizaa wanne. Amebaki yeye. Nikisema, nani atanigeuza?"

Tumpe alitafuta jibu, akaona kila alilolipata ni la uongo.

"Hakuna, tata," alisema.

Mzee alitikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa anaitegemea.

"Naweza kunyoosha kidole tu? Nikuonyeshe, wewe uelewe?"

"Mimi nitaelewa. Mahakama haitaelewa kidole. Unaweza kusubiri kesho, nije na askari, nimtoe nje kwanza, useme tukiwa wawili."

"Kesho sitaweza," mzee alisema. "Kesho ataniogesha."

Kisha alikaa kimya muda mrefu hivi kwamba Tumpe alidhani mtandao umekatika. Katika kimya hicho, kupitia kipaza sauti cha Uyole, alisikia kijiko kikigonga sufuria, nyayo, na trei ikiwekwa juu ya meza karibu kabisa. Alisikia sauti ya kiume, ya upole, ikisema, "Baba, uji tayari."

Tumpe alinyoosha mkono pembeni, mahali alipojua Kasian amesimama, akamfinya bega. Akamsikia Kasian akisema kwenye simu, "Ingieni."

Umbo la mzee lilijinyoosha. Hakupunguza sauti. Aliongea kama mtu anayesoma matangazo kanisani, ili hata wa benchi la mwisho asikie.

"Jumanne aliyeingia hapa alikuwa mwanangu Asukile, amevaa miwani ya mkewe. Nilimjua kwa mikono, nikanyamaza, na kigingi nikakipitisha mimi mwenyewe. Mkamwana wangu amekufa. Chimbeni hapa niliposimama, mumpe mama yake."